Wakitoka Shule Wanalala Wapi?

Ukipita njia za huku kwetu Rangwi siku ya Jumapili alasiri, utakutana nao. Wanateremka milimani wawili wawili na watatu watatu, sweta ya shule imefungwa kiunoni, kichwani kiroba cha unga, mkononi mfuko wa maharage na viazi. Watakuamkia, "Onga mshi," kisha watasimama kando wakupishe, maana ndivyo walivyolelewa. Wageni wanaokuja kutembea katika milima ya Usambara huwapiga picha wakidhani wanatoka sokoni. Hawatoki sokoni. Ni wanafunzi wa sekondari wanaorudi kwenye vyumba vyao vya kupanga, na mzigo ule ni chakula cha wiki nzima.

Akina mama wenzangu, leo naomba tuzungumze juu ya vyumba hivyo. Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu shule zetu: madarasa, madawati, maabara, walimu wa hisabati. Hayo yana wenyewe wa kuyasemea. Lakini mwanafunzi hukaa shuleni saa nane tu kwa siku, au tisa. Saa zilizobaki yuko mahali fulani, na huko ndiko nilikoona kwa macho yangu baadhi ya watoto wakipotea na wengine wakisimama.

Mimi ni mkulima wa viazi na kabichi kama walivyo wengi huku juu, na ni mama wa watoto wanne. Nyumba yetu iko kando ya njia iendayo shule moja ya serikali, sekondari ya kutwa. Sitaitaja jina, kwa sababu nitakayoyaeleza si ya shule moja wala ya kata moja. Ukivuka mabonde mengine ya Lushoto utayakuta yale yale. Tangu mwaka 2012 nimekuwa nikipangisha vyumba viwili vya uani kwa wanafunzi wa kike. Sikuanza kwa wema, nasema kweli. Nilihitaji fedha za mbolea.

Ili mnielewe, lazima nirudi nyuma kidogo. Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1986. Tulikuwa zaidi ya arobaini darasani, na aliyechaguliwa kwenda sekondari ya serikali alikuwa mmoja, mvulana. Wengine tulirudi shambani, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa shule za sekondari nchini zilikuwa chache mno. Mzazi mwenye uwezo aliweza kumpeleka binti yake kwa masista kule Kifungilo, lakini baba yangu alikuwa na watoto tisa na shamba la mteremkoni. Hata hivyo, siku zile kuchaguliwa kulikuwa na jambo moja zuri. Yule mvulana alinunuliwa sanduku la bati, akapandishwa basi, akafika mahali penye kitanda, bwalo la chakula na mwalimu wa zamu. Aliyepata nafasi ya shule alipata na mahali pa kulala.

Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ambao wengi tuliujua kwa jina la MMES. Ulianza mwaka 2004, na agizo likawa kila kata iwe na sekondari yake. Wazee wetu walibeba mawe, akina mama tukabeba maji na mchanga, vijana wakapasua mbao. Nchi nzima ilifanya hivyo. Mwaka 2004 Tanzania Bara ilikuwa na shule za sekondari zisizofika 1,300. Mwaka 2009 zilikuwa zimepita 4,100. Watu wa mjini walizicheka, wakaziita shule za yeboyebo kwa jina la vile viatu vya plastiki vya bei rahisi, na walimu waliofunzwa harakaharaka ili wazijaze wakaitwa vodafasta. Mimi sikucheka. Binti yangu wa kwanza alisoma yeboyebo hiyo hiyo, na leo yeye ndiye anayenisomea karatasi za dawa za mimea ili nisije nikaunguza viazi.

Lakini shule hizi zilipangwa kuwa za kutwa. Aliyepanga huenda alitazama ramani, akaona kata ni ndogo, akasema mtoto atatembea. Kwenye ramani, kijiji kilicho ng'ambo ya bonde ni umbali wa kidole. Huku kwetu unaweza kumwita mtu aliye ng'ambo akakuitikia, na ukitaka kumpa mkono itakubidi uteremke hadi mtoni na kupanda tena kwa saa nzima au zaidi. Wakati wa masika njia inateleza, kijito kinajaa, na ukungu ukishuka huoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Msichana anayetakiwa kuwa mstarini saa moja na nusu asubuhi lazima atoke kwao usiku. Akirudi jioni, anapita msituni giza likiingia. Je, ni mzazi gani atakayekaa kwa amani?

Ndipo yakazaliwa mageto. Sijui ni nani aliyelileta neno hilo, ila sasa hata bibi wa miaka themanini analitumia. Geto ni chumba cha kupanga cha mwanafunzi. Kuta za udongo au za tofali, godoro moja chini, wasichana wawili au watatu, sufuria mbili, ndoo, jiko, misumari ya kutundikia sare. Kodi yake ni ndogo. Kwangu tulianza na shilingi 3,000 kwa mwezi kwa kila mtoto. Mzazi hulipa akiuza viazi, na asipouza tunasubiri.

Mtoto wa miaka kumi na minne anakuwa mwenye nyumba. Anajipangia chakula, naye hajui kupanga. Jumatatu na Jumanne wanakula ugali na maharage wakashiba, Alhamisi wanakunywa uji, Ijumaa wanakwenda darasani na maji matupu tumboni huku wakihesabu saa za kurudi kwao. Wavulana ndio hali yao mbaya zaidi kwa chakula, kwa sababu hawakufundishwa kupika, na wengine huishia kwenda kupakia kabichi kwenye malori huko Lukozi ili wapate fedha ya chapati. Akionja fedha ile mara tatu, nne, daftari linaanza kumchosha. Lakini leo nasemea wasichana, kwa kuwa ndio niliokaa nao.

Msichana aliye getoni peke yake anajulikana. Wanaume wanajua chumba kipi hakina mama. Mwenye bodaboda anampa lifti mara moja wakati wa mvua, mara ya pili anamletea sukari, mara ya tatu mafuta ya kula. Sheria ipo, tangu mwaka 2016 anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka thelathini. Lakini sheria inafika asubuhi, na sukari ilifika usiku.

Sasa nieleze habari ya Julai 2019.

Wasomaji wa pwani huenda hawaijui baridi ya Usambara. Mwezi wa saba sisi tunavaa masweta mawili, na maji ya kunawa uso yanauma vidole. Shule zilikuwa zimefunguliwa baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Nyumba ya tatu kutoka kwangu wenyewe walikuwa wamehamia Tanga, na vyumba vyake vilipangishwa kwa wanafunzi bila mtu mzima yeyote uani. Katika chumba kimoja walikuwamo wasichana wawili wa kidato cha pili kutoka kijiji cha ng'ambo. Walipika makande, yakachelewa kuiva, wakayala usiku. Kwa ajili ya baridi, wakaliingiza jiko la mkaa ndani, wakaziba dirisha kwa gunia, wakafunga mlango, wakalala.

Alfajiri jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye tumeishi naye tangu tulipoolewa huku, alipita kuwaita waende naye kuchota maji kama ilivyokuwa kawaida yao. Hawakuitika. Akagonga. Akaja mbio kwangu akasema, "Mama, watoto wale hawaamki, na viatu vyao viko nje." Tulikwenda na shoka. Mlango ulipofunguka tulimkuta mmoja amelala sakafuni karibu na kizingiti, kama mtu aliyetaka kuufikia mlango akaishiwa nguvu. Mwenzake alikuwa godoroni, hajitambui. Katika jiko makaa yalikuwa bado yana wekundu kidogo chini ya majivu. Chumba hakikuwa na moshi hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

Tuliwatoa nje wote wawili, tukawalaza kwenye majani yenye umande, tukawafunika khanga zetu. Yule wa mlangoni alianza kutapika na kulia kuwa kichwa kinapasuka. Mwenzake alichukua muda mrefu. Vijana wakambeba kwa machela ya blanketi hadi zahanati, na kutoka hapo gari ikampeleka hospitali. Namshukuru Mungu kwamba wote walipona.

Ndugu msomaji, jambo hili naomba ulikate ulibandike jikoni kwako. Mkaa ulioiva hauna moshi, na ndiyo sababu watu hudhani hauna madhara. Ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta, inaingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni. Anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, viungo vinalegea, anasinzia, na kama hakuna wa kumtoa haamki tena. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, si kuwekwa kando ya mlango tu. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi mara moja, kisha afikishwe hospitali hata kama amezinduka na anasema hajambo.

Siku ya tatu baba wa yule binti wa mlangoni alikuja. Ni mtu mpole. Alisimama uani kwangu na mwavuli wake mkononi, akakataa kiti.

"Dada yangu," akasema, "ninawashukuru sana kwa mliyomtendea mwanangu. Nimekuja kumchukua."

"Kumchukua mpaka lini, kaka?"

"Moja kwa moja. Kuna watu wa Dar es Salaam wanatafuta binti wa kazi. Huko angalau atalala ndani ya geti."

Sikuwa na jibu la haraka. Mnaijua habari hii, maana wengi wenu mnaosoma huko mjini mmekwisha kulelewa watoto na binti wa kutoka Lushoto. Watu huja kuwachukua tangu zamani, na baba hawa si watu wabaya. Yeye alikuwa amepima mambo mawili: chumba kilichokaribia kumwua mwanawe, na nyumba ya watu yenye ukuta na geti. Ningekuwa mimi, mzazi niliye mbali, na habari nimeletewa na kijana aliyekuja mbio, sijui ningepima vipi. Nilimwambia tu kwamba mageti mengine yanafungwa kwa nje, na ya ndani hayajulikani.

Binti mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, uso bado umevimba. Huku kwetu mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa. Akasema taratibu, bila kuinua macho: "Baba, nikienda huko nitapika kwenye jiko la gesi la watu. Mtihani wangu wa mwezi wa kumi na moja ataufanya nani?"

Baba yake alinyamaza kwa muda. Kisha akakubali kiti.

Yeye ndiye aliyesema jambo lililotufungua sisi wote. Aliuliza, "Kwani wewe dada, jioni jikoni kwako moto haupo?" Ulikuwapo. Katika kila nyumba ya huku moto wa jioni upo, mama anapika na watu wanaota. Hatua ishirini kutoka moto huo, watoto wa wenzetu walikuwa wanawasha majiko yao vyumbani, kila chumba na jiko lake, kila mtu na makande yake yasiyoiva.

Tulikutana akina mama sita wenye vyumba, Wakristo kwa Waislamu, tukamwita na mkuu wa shule na mtendaji wa kijiji. Hatukuunda chama wala kuandika katiba. Tulikubaliana kwamba chumba kisicho na mama uani kisipangishwe kwa msichana wa shule. Tulikubaliana kwamba viroba vyote vya unga na maharage vikifika Jumapili vitawekwa jikoni kwa mama, vipikwe chungu kimoja kwa zamu, ili Alhamisi isiwe siku ya uji. Na baada ya kula wasome hapo hapo penye joto mpaka saa tatu usiku, kisha waende kulala, jiko libaki jikoni. Wazazi wa ng'ambo waliombwa kuleta blanketi la pili badala ya gunia la mkaa.

Ilitugharimu, nisiwadanganye. Kuni huisha upesi. Wasichana wanne wanaosoma kwa sauti wakati mzee wa nyumba anataka kusikiliza taarifa ya habari ni mtihani wa ndoa. Mwezi wa Ramadhani jikoni kwa jirani yangu kulikuwa na watoto wa Kikristo walioamka daku kwa sababu ya harufu ya chakula tu. Wapo wasichana waliotuona sisi ni mapolisi, wakahama wakatafuta vyumba vya mbali zaidi. Na yupo mama mmoja aliyejitoa akisema yeye alizaa watoto wake, hawa wengine wana mama zao. Sikumlaumu. Ila yako mambo ya jikoni ambayo nisingeyajua kama tusingefanya hivyo.

Masomo yao ni ya Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na nyumbani anasema Kishambaa, anaamka asubuhi moja anaambiwa viumbe, mvuke na historia yote ya dunia vimehamia katika lugha nyingine. Kwa hiyo wanakariri. Niliwasikia wakiimba sentensi kama kasuku. Mimi Kiingereza sikijui, basi nikaanza kuwauliza, "Haya, niambieni ni nini hicho, kwa lugha nitakayoielewa." Mwanzoni walicheka. Baadaye wao wenyewe waligundua kwamba wanachoweza kunieleza mimi, mtu wa darasa la saba, hawakisahau, na wasichoweza kunieleza hawakijui. Nimefundishwa mambo mengi hapo mafigani. Najua kwa nini mteremko usio na matuta unapoteza udongo, na nimemweleza mume wangu, naye akasema alikuwa anajua.

Mwaka 2021, akiwa kidato cha nne, binti wa mlangoni alifungua kitabu chake cha kemia akatueleza juu ya kaboni. Alieleza kwa Kishambaa, taratibu, kwamba kaboni ikiungua kwenye hewa ya kutosha inatoa hewa ya namna moja, na ikikosa hewa ya kutosha inatoa nyingine. Akaitaja hiyo nyingine. Akanyamaza. Wadogo waliokuwapo hawakujua kwa nini mimi nilishika kitambaa cha macho. Yeye alifunga kitabu kidogo, akakifungua tena, akaendelea na ukurasa uliofuata.

Alipata daraja la pili. Mwaka 2022 alipangiwa kidato cha tano katika shule ya wasichana ya Korogwe, shule ya bweni ya serikali. Baba yake alikuwa ameanza kuhangaika juu ya ada, na mwaka ule ule serikali ikaifuta ada ya kidato cha tano na cha sita kama ilivyokuwa imeifuta ya kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016. Sasa anasomea uuguzi.

Mwenzake, yule wa godoroni, habari yake ni nyingine, na sitaki kuiruka, maana magazeti yetu hupenda kuwasimulia waliofaulu tu.

Aliendelea na shule. Akawa jikoni kwangu miezi kadhaa, mcheshi, hodari wa hesabu kuliko mwenzake. Kisha Machi 2020 shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wakarudi makwao mpaka mwisho wa Juni. Zilipofunguliwa hakurudi. Nilituma watu, nikaambiwa anaumwa. Agosti nilivuka bonde mwenyewe. Alinipokea mama yake, akaniambia, "Karibu," akatazama chini, nikaelewa. Mimba haikupatikana getoni, haikupatikana njiani. Ilipatikana nyumbani, wakati wa likizo, na mhusika alikuwa mtu aliyekuwa akiingia na kutoka pale kama ndugu. Alikwisha kutoroka.

Kwa utaratibu wa wakati ule, msichana akipata mimba shule ya serikali ilikuwa imemwisha. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa waraka unaoruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi shuleni. Niliposikia redioni nilivuka bonde tena. Mtoto alikuwa anaanza kutembea. Nikamwambia habari. Akaniuliza mambo ambayo waraka haukuyajibu: mtoto atabaki na nani wakati mama yake mwenyewe anakwenda shamba, atalala wapi siku za juma, yeye na mtoto, na akienda getoni, ni mama gani atakayempangisha mwanafunzi mwenye mtoto mgongoni? Nikasema, "Mimi." Akatabasamu. Akasema, "Mama, nitakuja." Nilifagia chumba. Januari ikapita, na Februari.

Hakuja. Sasa ana kibanda cha mboga katika gulio la Lukozi. Kila nikipita ananiongezea karoti, na hesabu anazipiga kichwani upesi kuliko kikokotoo cha simu. Nimemweleza kwamba vyuo vya maendeleo ya wananchi vinapokea akina mama vijana pamoja na watoto wao wadogo. Aliniuliza kilicho karibu kiko wapi, na kwamba huko wanalala wapi. Bado tunaongea.

Watu huniuliza kama elimu sasa si bure. Ni kweli ada hakuna. Zamani ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kufutwa kwake kuliwaleta shuleni watoto ambao baba zao wasingewaleta. Namshukuru aliyeamua hivyo. Lakini unga si bure, blanketi si bure, kodi ya chumba si bure, wala taa ya sola ya kusomea. Waliopata elimu bure wamepata dawati. Pa kulala wanatafuta wenyewe, na anayetafuta kwa fedha kidogo hupata chumba kibaya.

Bweni? Boma lake lipo. Wazazi tulilijenga kwa nguvu zetu, tofali kwa tofali, mpaka kwenye linta, tukiwa na ahadi kwamba tukifika hapo tutasaidiwa kuezeka. Lilisimama miaka mitano bila paa. Majani yakaota ndani, mbuzi wakapata zizi. Kila kiongozi aliyepita alipiga nalo picha. Mwaka huu, hatimaye, mabati yameletwa na mafundi wamepanda juu. Milango bado, vitanda bado, maji bado.

Wasichana walio kwangu sasa ni watano, na kwa jirani yangu wanne. Juzi jioni walikuwa wakizungumza juu ya bweni hilo, nani atalala karibu na nani, nani anakoroma. Wa kidato cha kwanza, ambaye huwa hasemi, akauliza kama huko bwenini kutakuwa na mahali pa kuota moto, na kama nitaruhusiwa kuja kuulizwa maswali ya kemia. Nikamwambia la kwanza akamwulize mkuu wa shule. La pili, nimemwambia kwamba boma lile ni mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, na miguu yangu bado ni mizima.